Saa ya Yai

Mshona mapazia alikuwa na mkono mwepesi na roho nzito. Kitambaa alikitazama tu akajua kitaangukaje dirishani, na wateja walimfuata mpaka mtaa wa nyuma, ambako duka lake lilikuwa limebanwa kati ya kinyozi na muuza rangi za nyumba. Lakini wasiwasi ukimwingia hautoki. Simu ikiita mara mbili mfululizo, yeye keshakaa chini kungoja habari mbaya. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, alipenda kusema kwamba mkewe huisikia balaa ingali inavaa viatu.

Hakuzaliwa hivyo. Ilianza siku binti yao wa pekee alipopelekwa kupimwa akiwa bado mchanga. Daktari alisikiliza kifua cha mtoto, akasikiliza tena, kisha akamwita mwenzake naye aje asikilize. Moyo ulikuwa na tundu. Wakangoja mtoto apate mwili kidogo, akafanyiwa upasuaji, tundu likazibwa, madaktari wakatabasamu. Wakamwambia mama mtu: mtoto wako amepona, mwache aishi kama wenzake.

Mama alishukuru, akashukuru tena, akatoka na mtoto begani. Hakuamini hata neno moja.

Tangu hapo mtoto alilelewa kwa makatazo. Usikimbie. Usiruke. Ngazi panda polepole. Hata akicheka kwa muda mrefu mama alimwambia, "Haya, basi, pumzika kwanza." Kila mwaka mtoto akipanda darasa, mama alifunga duka asubuhi nzima akaenda kumweleza mwalimu mpya kwamba huyu wangu si wa michezo. Kwa hiyo kipindi cha michezo kikifika, wenzake walitoka mbio uwanjani, naye akabaki barazani akilinda masweta na chupa zao za maji. Watoto hawakukawia kumpa jina. Wakamwita Yai. Lilianza kama kejeli, likazoeleka, mwishowe hata yeye akawa anageuka akiitwa hivyo. Baba yake alilidaka na kulitumia nyumbani kwa mapenzi. Mama peke yake ndiye aliyekataa kulitamka.

Yai alipofika umri wa kuanza kumzidi mama yake kimo, darasa lao lilihamia ghorofani. Akawa anafika juu mdomo wazi, ameshika ukuta, wenzake wakiwa wameshafungua vitabu. Mama aliposikia, damu ilimkauka. Siku ya pili yake walikuwa kliniki ya moyo wote watatu, baba akiwa bado na bisibisi mfukoni.

Vipimo vilichukua asubuhi nzima. Daktari alisema moyo ni mzima, akawapeleka chumba cha mwisho kwa mtaalamu wa mazoezi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba miguuni na mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye viwiko. Chumba chake kilikuwa na mikeka, baiskeli isiyokwenda popote na ngazi ya mbao yenye vipandio viwili tu. Alimwambia Yai apande na kushuka, apande na kushuka. Yai alipoanza kuhema, mama alisimama. Mtaalamu akamwonyesha kiti, naye akakaa kwa shingo upande.

"Mama, moyo wa mtoto huyu hauna kasoro."

"Mbona anahema hivyo, daktari?"

"Mimi si daktari, ni wa mazoezi tu. Anahema kwa sababu hajazoea kuhema. Miguu yake imelala, pumzi yake fupi. Ukimwacha akae hivihivi, huko mbele ndiko atakakougua kweli."

"Na akianguka?"

"Atainuka."

"Na asipoinuka?"

Mtaalamu alikuwa ameshakutana na wazazi wengi wa aina hii, wala hakuwacheka. Alivuta droo akatoa saa nyeusi ya mkononi yenye mkanda wa mpira. Kliniki ilikuwa na saa kadhaa kama hiyo, akaeleza, za kuwaazima watoto waliotoka kwenye maradhi marefu, na waliozidi uzito, na wale ambao, samahani mama, wazazi wao wanaogopa. Saa ingesoma mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono na kuyapeleka kwenye simu ya mzazi. Kijani, mtoto ametulia. Njano, moyo unafanya kazi. Nyekundu, apumzike mpaka ishuke.

"Na ninakuomba neno moja ulishike," alisema. "Njano si ugonjwa. Njano ndiyo dawa yenyewe."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Lakini alichosikia ni kwamba iko nyekundu, na kwamba jirani wa nyekundu ni njano.

Mkono wa Yai ulikuwa mwembamba, mkanda ukawa unazunguka kama bangili. Jioni ile mama alichoma sindano nene kwenye moto wa jiko, akatoboa tundu jingine mbele ya yale ya kiwandani, saa ikakaa sawasawa. Yai aliinua mkono akautazama huku na huku. Hakuwa amewahi kuvaa kitu kilichomruhusu kufanya jambo.

Waliamua aanze kwa kutembea na baba yake kuzunguka mtaa. Mama alibaki mlangoni na simu. Hawajafika hata kona ya pili, akapiga.

"Mnafanya nini huko? Mmekimbia?"

"Tumesimama," baba akajibu.

"Mbona imepanda?"

"Tumekutana na mbwa."

"Mkubwa?"

"Wa kawaida. Lakini hata yangu ingepanda."

Siku zikaenda. Kutembea kukawa kutembea kwa haraka, kutembea kwa haraka kukawa kuruka kamba uani. Yai alianza kula hadi sufuria ikaona aibu. Ngazi za shule alizipanda bila kushika ukuta. Mabadiliko haya kila mtu aliyaona isipokuwa mama, maana macho yake yalikuwa kwenye simu. Dukani aliiegemeza kwenye kikopo cha sindano, mbele kabisa ya cherehani, akawa anashona huku jicho moja liko kule. Mdogo wake, ambaye Yai alimwita mama mdogo, ndiye aliyekuwa akipiga pasi na kupachika ringi za mapazia, na alikuwa na ulimi usio na breki. Siku moja alitandaza juu ya meza pazia lililokamilika, la sebule ya mteja mkubwa, kitambaa cha ndege weupe. Akaliangalia kwa muda.

"Dada."

"Nini?"

"Hawa ndege wamekufa au nao wamepewa mazoezi?"

Mama akainuka kutazama. Pindo la chini lilikuwa limeshonwa juu, na la juu chini. Ndege wote walikuwa miguu hewani. Alifumua mishono yote ya mapazia manne, hakucheka, na hakuondoa simu kwenye kikopo.

Mwalimu wa michezo wa shule, mwanamume mwembamba aliyetembea na filimbi shingoni hata sokoni, alikuwa akimwona Yai anavyoruka kamba wakati wa mapumziko. Akamwambia aje kwenye netiboli. Yai alikuja na habari hiyo nyumbani akiwa ameshajipanga kwa vita, na vita vilikuwepo. Mama alisema hapana. Yai akasema mtaalamu wa kliniki ameshakubali. Mama akasema mtaalamu hakumzaa. Baba akasema, "Mke wangu, si saa anayo?" Hapo mama akaweka sharti: kila siku ya mazoezi naye atakuwepo.

Akawa anafunga duka alasiri mbili kila wiki. Alikaa mwisho wa benchi la mbao, mkoba mapajani, simu juu ya mkoba, kivuli cha kiganja chake kikikinga jua lisififishe kioo. Rangi ikibadilika tu, alipaza sauti: "Njano!" Popote alipokuwa Yai uwanjani, alisimama. Wenzake walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe, naye akangoja mpaka asikie, "Haya, kijani." Mwalimu alijaribu kumweleza mama kwamba katika mchezo huu njano haiepukiki. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Baada ya hapo alipaza sauti vilevile.

Walipokwenda kucheza na shule ya jirani, mambo yakaharibika. Wasichana wa upande wa pili walikuwa na masikio. Katika kipindi cha kwanza walisikia neno lile likitoka benchini, wakaona mchezaji mmoja anaganda. Kipindi cha pili Yai alidaka mpira mzuri karibu na goli, mbele yake mfungaji wa timu yake akiwa amekaa wazi, anangoja tu kurushiwa. Sauti ikaita, "Njano!" Yai akaganda, mpira mikononi. Katika netiboli mpira haushikwi ukatulia nao. Filimbi ikalia, mpira ukapewa wapinzani, na benchi lao lote likapasuka kwa vicheko, maana safari hii aliyeita hakuwa mama. Kuanzia hapo wakawa wanaita kwa zamu. Yai aliganda mara nyingine mbili kabla hajajizuia. Timu ya Yai ilifungwa vibaya.

Yai alisema nyumbani, amesimama jikoni na viatu vyake vya vumbi.

"Mama, umewahi kuniona nikicheza?"

"Swali gani hilo? Si nipo kila siku?"

"Najua upo. Nimeuliza kama umeniona."

"Nakuangalia moyo, mwanangu! Hayo mengine nani kayauliza?"

Yai aliingia chumbani akafunga mlango, bila kuubamiza. Mama angependa aubamize. Mume akaanza, "Unajua, mimi nikifungua friji ya mtu, kuna kile kipimajoto..." Mama akamkata: "Usiniletee mambo ya friji." Naye hakuyaleta.

Kesho yake mama alilia kidogo dukani, huku akipima kitambaa. Mama mdogo alimwachia nafasi. Baadaye akamwambia, "Dada, huyu mtoto ulimpa moyo wake au ulimwazima?" Hilo lilimkaa mama vibaya, wakashinda siku ile hawasemeshani ila kwa mambo ya kazi: lete mkasi, shika hapa, vuta.

Lakini mechi iliyofuata ilikwenda vizuri ajabu. Na ya baada yake. Simu ilibaki kijani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na mama alikaa kwenye benchi lake ametulia kama mtu aliyelipwa. Katika mechi ya tatu ya namna hiyo alifikia hata kumsemesha aliyekaa naye, binti wa kinyozi, ambaye alikuwa mchezaji wa akiba.

"Mwanangu siku hizi anacheza kwa akili," alimwambia, macho kwenye simu. "Hajichoshi."

"Ndiyo, mama," alijibu binti wa kinyozi, kwa sauti ya mtu aliyemeza jiwe.

Sauti hiyo ilimfanya mama ageuke. Jua lilikuwa kali, lakini mtoto yule alikuwa ameficha mkono mmoja chini ya sweta lililokunjwa.

"Una nini mkononi?"

"Hamna kitu, mama."

"Hebu nione."

Sweta likasogezwa. Saa nyeusi ilikuwa pale, mkanda umefungwa, inasoma moyo wa mtoto aliyekaa kitako.

"Yai kaniambia nimshikie tu," alisema binti wa kinyozi, machozi yakimlengalenga. "Samahani."

"Toka lini?"

"Leo. Na ile siku nyingine. Na ile ya mvua."

Mama alisimama wima, mdomo umeshafunguka kupiga kelele. Lakini ili apige kelele ilimbidi kwanza amtafute mtoto kwa macho, na kumpata hakukuwa rahisi. Alikuwa anatafuta msichana mwembamba, mpole, wa pembeni. Msichana huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa katikati ya uwanja, uso unang'aa jasho, viwiko nje kama mtu anayepenya umati, akiwaelekeza wenzake kwa kidole na kwa maneno makali. Alikimbia vibaya, miguu ikitupwatupwa kando. Aliruka kudaka mpira, akagongana na msichana mrefu wa upande wa pili, akaanguka kwa ubavu. Mama alishika ubao wa benchi. Yai akainuka, akajipangusa goti kwa mate, akarudi mchezoni. Muda mfupi baadaye, mwamuzi alipogeuka, akamvuta yule msichana mrefu kizibao kwa nyuma, akamwacha, akapita na mpira. Mwamuzi hakuona. Mama aliona.

Hakuita. Alikaa chini taratibu, akamwomba binti wa kinyozi ile saa, akaishika mkononi mpaka mechi ikaisha. Hakuelewa sheria hata moja. Alimwuliza yule mtoto, "Sasa hilo ni letu au lao?" naye akamjibu, "Letu, mama," na mama akapiga makofi mawili, kwa kuchelewa.

Yai alipokuja benchini na kuona saa iko wapi, uso ulimbadilika. Mama alimpa chupa ya maji. Walitembea hadi karibu na nyumbani ndipo mama akafungua mdomo.

"Ulimvuta yule msichana nguo."

"Yupi?"

"Yule mrefu. Usinifanye mjinga."

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Mimi sikumwona akianza."

"Alianza kipindi cha kwanza. Wakati huo unaangalia simu."

Usiku haukupita bila mzozo. Mama si mtu wa kudanganywa akanyamaza, na Yai alipata kila neno alilostahili kuhusu saa ya watu, kuhusu uongo, kuhusu kumtia matatani mtoto wa jirani. Yai alilia, akaomba radhi, wala hakusema hatarudia kucheza kwa nguvu. Baba alikaa kati yao akimenya viazi. Mwishowe mama akamgeukia yeye.

"Huyu mtoto ukorofi huu kautoa wapi?"

Baba aliangalia kiazi. "Unataka nikujibu?"

Asubuhi walikubaliana hivi: saa itavaliwa na mwenyewe, lakini simu itakaa kwa mwalimu wa michezo, na nyekundu ikidumu yeye ndiye atakayemtoa. Mama alimkabidhi mwalimu simu yake kwa mikono miwili, kama anamkabidhi mtoto mwenyewe. Mechi za kwanza hakujua mikono yake aiweke wapi. Akaanza kubeba kazi ndogo ya kushona. Halafu akagundua kwamba akishona hamwoni Yai, akaiacha dukani. Polepole alijifunza mchezo, na alipoujua alikuwa mtazamaji mbaya kupita kiasi. Aligombana na waamuzi. Siku moja mwalimu alilazimika kumwomba asogee nyuma ya mstari.

Muda wa kuazimwa saa ulipokwisha, walirudi kliniki. Mtaalamu wa mazoezi alimpandisha Yai ile ngazi ya mbao, akampandisha baiskeli, kisha akafungua kumbukumbu za saa kwenye kompyuta yake.

"Vizuri sana," alisema. "Nyekundu ameifikia, akapumzika, ikashuka. Kama mtoto mwingine yeyote."

"Ameifikia?" mama akauliza. "Siku gani?"

"Unataka kujua?"

"Hapana." Wakaagana. Mama alipofika mlangoni akageuka. "Mara nyingi?"

"Mama, nenda nyumbani," alisema mtaalamu, akiweka saa kwenye droo.

Ingependeza kusema kwamba Yai alikuja kuwa mchezaji wa kutajwa. Hakuwa. Alikuwa wa kawaida, wa kuanza mechi moja na kukaa nje nyingine, na mwaka uliofuata netiboli ilimchosha akaiacha kabisa. Mama alihamaki kuliko siku ile ya saa. "Baada ya yote hayo? Nimeshazijua sheria zote!" Yai akasema watu hubadilika. Alikuwa ameanza kuendesha baiskeli na kikundi cha vijana, kwenye barabara yenye magari, na baba yake alikuwa amemtengenezea baiskeli kuukuu bila kumwambia mtu. Nyumba ilikuwa na maneno kwa wiki nzima. Kisha mama akanunua kofia ngumu ya kichwani, ghali kuliko zote dukani, akaiweka mezani bila kusema ni ya nani.

Siku moja alikuwa amekwenda kupima madirisha ya ofisi moja mbali na mtaa wao. Alikuwa anangoja kuvuka barabara, tepu ya kupimia shingoni, aliposikia kengele na kelele za vijana. Walipita mbele yake kwa kundi, wameinama juu ya usukani. Yai alikuwa wa tatu, mdomo wazi, anahema, anamfokea wa mbele yake asogee. Hakumwona mama yake. Mama aliinua mkono nusu, akaushusha. Aliwaangalia mpaka wakakata kona, gari lililokuwa nyuma yao likampigia honi kwa kuwa alikuwa amekanyaga barabarani, akarudi nyuma, akangoja lipite, akavuka kwenda kupima madirisha.